Majina Saba ya Bi Somoe

Dokta Elieza amekufa, na mimi nimeombwa nimseme vizuri. Aliyeniomba ni kijana mmoja mhadhiri, kaja hapa kwangu Kibiti wiki iliyopita na gari jeupe, kavua viatu mlangoni kwa adabu, kakaa mkekani, kanywa chai yangu ya mchaichai vikombe viwili. Kasema Chuo Kikuu kimetenga fungu jipya la fedha kwa wahadhiri watakaoungana, idara hii na idara ile, wakashirikiana na vijiji kutatua mahitaji ya watu. Siku ya kulizindua fungu hilo watamkumbuka marehemu, maana ndiye aliyeanza kazi ya namna hiyo huku kwetu zamani, na katika waliofanya naye kazi nimebaki mimi. "Bibi, tunataka ushuhuda wako, dakika kumi tu," kasema, "jinsi mradi ule ulivyowaletea maji." Nikamtazama. Nikamwuliza, "Maji gani, mwanangu?" Akafungua karatasi zake akanionyesha: kisima, kimeandikwa kabisa. Lo! Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mradi ule haukuchimba hata shimo la kupandia mnazi. Na haukuchimba kwa sababu tulikataa, na mmoja wa waliokataa ni mimi hapa niliyekaa, na sijajuta hata siku moja. Kijana wa watu akabaki na kalamu mkononi. Nikamwambia dakika kumi hazinitoshi, nitaandika mwenyewe, na akitaka apeleke kama yalivyo, asipotaka aache.

Habari za kwetu, nani kazaa nani, naziruka. Yatosha kusema kwamba mwaka huo, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, sina kazi, naitwa Tatu, na kitu kimoja tu ninachokitaka duniani ni kusomea ualimu. Tulikuwa tumehamishwa karibuni kutoka bondeni, tukapangwa kando ya barabara upande wa kwenda Mtunda, nyumba zimenyooshwa mistari kama mahindi, na maji tukayaacha huko huko tulikotoka. Kila alfajiri wanawake tulishuka mabwawani na ndoo, na mpaka tunarudi jua limeshakuwa kali. Utosini nilikuwa na kipara, kimeletwa na ndoo hizo, na nilikificha kwa kilemba hata mbele ya mama yangu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa sijui thamani ya kisima. Nilikijua kwa shingo yangu.

Dokta Elieza alikuja mwanzo wa kiangazi. Alikuwa mtu wa bara, mwalimu wa historia, mrefu, mwembamba, mpole wa kusema, anakula polepole kama anayetafuta mwiba hata kwenye ugali. Mwenzake alikuwa mhandisi wa maji, ambaye yeye tulimwona mara mbili tu. Chuo kilikuwa kimewapa fedha kwa masharti: wa historia na wa maji wafanye kazi pamoja, kijiji kiseme chenyewe hitaji lake, liandikwe kwenye fomu pamoja na muhtasari wa mkutano, na mwisho wa mwaka Kamati ya Chuo ikague kama wamefanya. Wa historia alitaka sauti za wazee walioiona vita ya Maji Maji, maana walikuwa wanakwisha mmoja mmoja. Wa maji atachimba kisima. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Mbonde, alilifupisha jambo zima mkutanoni kwa maneno ambayo kila mtu aliyaelewa: "Sisi tutoe habari, wao watoe maji. Kuna mwenye swali?" Hakukuwa na swali. Kina mama tulipiga vigelegele. Mimi nikapewa kazi ya ukalimani, kwa sababu wazee wengi walishuka kutoka milima ya Umatumbi baada ya vita ile, na wakikasirika au wakihuzunika Kiswahili kinawatoka, kinabaki Kimatumbi. Ujira wangu ulikuwa mdogo, lakini Dokta aliahidi kwamba kazi ikiisha vizuri ataniandikia barua ya kunipeleka chuo cha ualimu. Nilitembea wiki nzima sigusi chini.

Basi tukaanza kuzunguka na ile redio yake ya kunasia sauti, nzito kama kinu kidogo, nimeibeba mimi. Wazee walisema mengi. Lakini kila tuliyemwuliza juu ya watu walionyongwa na Wajerumani kule milimani alijibu jibu moja: "Hayo kamwulizeni Bi Somoe." Bi Somoe alikuwa akikaa nyumba ya mwisho, peke yake, nyumba ya miti na udongo yenye jiko ndani, na humo jikoni ndimo alimopokea wageni, awe shehe awe mkuu wa wilaya. Moshi umeyafanya makuti ya juu kuwa meusi yanang'aa. Pembeni kitanda cha kamba, mkeka wa ukindu, chungu cha maji kimefunikwa kwa kata. Alikuwa na umri wa kukaribia themanini, mdogo wa mwili, mkali. Siku ya kwanza alitupikia kambale wa kuchoma kwa mchuzi wa nazi na ugali wa muhogo, akakaa akimtazama Dokta anavyokula. "Huyu mtu," akaniambia kwa Kimatumbi, "anakula kama ana kesi." Nikamtafsiria Dokta kwamba bibi anasema karibu sana.

Alianza na njaa. Alisema baada ya vita Wajerumani walichoma maghala yote, watu wakala ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu, kinachokatwa vipande na kulowekwa kwenye maji yanayotembea siku nyingi ndipo kilike, na waliokosa subira walikila kabla ya siku zake wakafa. Alisema jinsi walivyoteremka mlimani, mama yake na watoto wawili, wakafika kwa wenyewe upande huu wa mto wamebaki yeye na mama. Aliyasema yote bila machozi, huku akichochea kuni. Kisha Dokta akauliza, kwa sauti yake ile ya upole, juu ya wale walionyongwa kijijini kwao. Bi Somoe akasema walikuwa saba, na baba yake mmojawapo. Dokta akasogeza redio karibu. "Majina yao, bibi?" Bi Somoe akaweka kiganja juu ya ile redio, kama mtu anayefunika chungu nzi wasiingie. "Aka," akasema. "Hawa hawajasomewa hitima. Jina la maiti asiyesomewa halitupwi tupwi kwenye maongezi. Nisomeeni hitima ya watu wangu, nitawataja mbele ya watu, wote saba. Bila hiyo nitakwenda nao."

Nilimweleza Dokta jambo hilo njia nzima ya kurudi. Kwetu mtu akifa husomewa, watu wakala, jina lake likatajwa kwenye dua, na hapo ndipo jina linapokuwa huru, unaweza hata kumpa mjukuu. Wale saba walitupwa shimo moja, ikapigwa marufuku kuwalilia, kisha ikaja njaa, kisha watu wakatawanyika. Wakubwa wote waliowajua wakafa. Huyu alimjua baba yake, yule alimjua mjomba wake, jina la baba yake Bi Somoe limo kwenye daftari la wakazi analoliweka mwenyekiti, lakini wa kuwataja wote saba kabakia Bi Somoe peke yake. Mzee Mbonde mwenyewe, mwenyekiti, baba yake alikuwa miongoni mwao. Siku hiyo yeye alikuwa mtoto wa mgongoni. "Na kwa nini hawakusomewa miaka yote hii?" Dokta akauliza. Nikamwambia amwulize Mwalimu Shomari.

Mwalimu Shomari alikuwa ndiye mwalimu wetu wa madrasa, na mpaka leo namheshimu, kwa hiyo sitatia chumvi. Alitupokea barazani kwake, akatupa korosho na kahawa, akamsikiliza Dokta mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bi Somoe amekuja kwangu na jambo hili, na alikwenda kwa mwalimu aliyenitangulia, na kwa yule wa kabla yake. Jibu letu ni moja. Watu wale walikuwa Waislamu, na siwahukumu. Lakini walikwenda vitani wamenyunyiziwa maji ya mganga, wakiamini risasi zitageuka maji. Walimtegemea mganga badala ya Mungu, na katika hali hiyo wakafa. Mimi siwezi kuwakusanya watu niwasomee wafu wa uganga. Kesho nitaulizwa." Dokta akashukuru kwa kahawa, tukaaga. Aliyekuwa na la kujibu ni Bi Somoe, nilipompelekea habari. Alitema mate majivuni. "Anaogopa kuulizwa yeye," akasema. "Na mimi je? Mimi naulizwa kila usiku." Nilidhani ni maneno ya uzee tu, nikaendelea kumenya muhogo wake.

Hapa ndipo nataka kijana wa Chuo asome kwa makini. Dokta aliandika barua kwa Kamati. Aliandika vizuri, niliisoma. Alisema hitaji la kwanza la kijiji, kwa jinsi alivyoona, ni hitima, na gharama yake si kitu ukilinganisha na kisima. Basi Kamati imruhusu kutoa kidogo katika fungu lile, kinunuliwe ng'ombe na mchele, na huenda mwalimu naye akalainika akiona jambo lina uzito. Majibu yalipokuja, nilikuwa nje ya ofisi ya kijiji, nimeketi kwenye kivuli cha ukuta nachambua mboga, na ukuta wenyewe ni wa udongo, una nyufa. Nikamsikia Dokta akimsomea Mzee Mbonde: fungu ni la maendeleo, hitaji la jamii maana yake ni maji, afya, kilimo, hitima si hitaji. Na kama masimulizi ya walionyongwa hayatakamilika kabla Kamati haijakaa, mradi mzima utafungwa, na kisima humo humo. Kisha Mzee Mbonde akasema, "Kwa hiyo kikongwe mmoja atunyime maji kijiji kizima?" Dokta akasema, kwa sauti ya chini mpaka nikasogeza sikio, "Kuna njia. Tatu anaweza kukusanya majina huku na huku, hata yakipatikana manne au matano. Ataandika kwamba bibi ndiye aliyeyasema, atie saini kama mkalimani. Kamati haitakuja kumwuliza bibi." "Na akikataa?" "Hatakataa," Dokta akasema. "Anataka ualimu."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimetukanwa na wakaguzi, nimesengenywa na mawifi, lakini hakuna neno lililoniuma kama lile. Si kwa sababu lilikuwa la uongo. Lilikuwa la kweli kabisa, ndiyo maana likauma. Niliziacha mboga pale pale nikaingia ofisini bila hodi. Nikasema, "Dokta, shikamoo. Mzee Mbonde, shikamoo. Nimesikia. Sitii saini." Mzee Mbonde akafoka, "We binti, unawasikiliza wakubwa ukutani?" Nikamwambia, "Wakubwa wakisema ya kuniuza, nitawasikiliza hata juu ya paa." Sijui ulimi ule niliutoa wapi. Dokta alivua miwani akaanza kuifuta, akafuta, akafuta. Akasema, "Tatu, ni kwa ajili ya kisima. Ni kwa ajili ya mama yako." Nikavua kilemba changu mbele yao wanaume wawili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikainamisha kichwa wakakiona kile kipara. "Kisima nakitaka kuliko nyinyi nyote," nikasema. "Lakini Bi Somoe hajasema, na mimi siwezi kumsemea asichosema. Hiyo siyo kazi mliyonipa." Nikatoka, nikajifunga kilemba changu njiani.

Mzee Mbonde aliitisha mkutano siku ya tatu yake, akijua kina mama watanizomea. Alieleza mambo kwa ufundi, mtu yule alijua kusema: hapa kisima, hapa kikongwe na mkalimani wake wenye vichwa vigumu, chagueni. Nami nikasimama nikaeleza upande wangu, kwa kifupi. Kukawa na minong'ono. Akainuka mama mmoja jirani yetu, Mama Chausiku, mzazi wa watoto wanane, mtu ambaye hajawahi kusema mkutanoni. Akasema, "Mimi nachota maji tangu nina miaka saba. Shingo yangu hii imezoea, inaweza kungoja. Bi Somoe hawezi kungoja. Hao wa Chuo wametuuliza hitaji letu ni nini au hawakutuuliza?" Watu wakasema wametuuliza. "Basi wajibiwe. Kama hawataki jibu, wasiulize." Akakaa chini, akanyoosha khanga yake magotini. Na kina mama, mmoja baada ya mmoja, wakasema andika hitima. Mzee Mbonde akanisukumia fomu kwa hasira, nikaandika mimi mwenyewe mahali pa hitaji la jamii, kwa herufi kubwa: HITIMA YA WATU WETU SABA. Sijawahi kuandika mwandiko mzuri kama ule.

Kamati ilifunga mradi. Naam, ilifunga, mhandisi hatukumwona tena, na barua yangu ya ualimu haikuandikwa. Sitadanganya kwamba jambo hilo halikuwa na machungu. Kiangazi cha mwaka uliofuata mabwawa yalikauka, tukachota maji ya tope tukiyachuja kwa khanga, na wapo walionitazama kwa jicho baya, nami niliwaelewa. Ualimu niliupata baadaye kwa kuzunguka sana, kisima kilikuja baadaye zaidi, na hakikuletwa na Chuo. Lakini nikiambiwa leo nirudi siku ile, nitaandika neno lile lile. Namwambia kijana yule na wenzake wenye fungu jipya: mkija na fomu yenye nafasi ya hitaji la watu, nafasi hiyo iwe tupu kweli. Siyo mmeshaijaza kwenu mjini, mnakuja kututafuta sisi tuweke dole gumba. Mtu anajua anachokihitaji. Anaweza kuhitaji maji na bado akahitaji kingine kwanza, na kukipanga hicho cha kwanza ni haki yake, hata kama hakiingii kwenye hesabu zenu.

Hitima tuliamua kuisoma wenyewe, mara tu mradi ulipofungwa. Hakukuwa na fungu wala mfadhili. Kila nyumba ilileta mchele wake wa mto, mwingine bakuli, mwingine ungo mzima. Watu wa Mbuchi, kule kwenye mikoko, waliokuwa na ndugu zao kwetu wakaleta samaki. Mama Chausiku akatoa mbuzi. Dokta Elieza alikuja kwa basi, peke yake, bila gari la Chuo wala redio, kabeba mfuko wa sukari. Hakuna aliyemtaraji. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Bi Somoe, akapiga magoti kabisa, akasema, "Bibi, nilitaka kukuibia. Nisamehe." Bi Somoe akamtazama. "Umekula?" akamwuliza. Akasema hapana. "Basi kaa. Daftari hilo weka nje, humu usiandike. Utasikia kwa masikio kama wenzako." Hili ndilo jema ninalolisema juu ya marehemu, na nalisema kwa moyo mweupe: alilisikiliza lile agizo. Majina yale hakuyaandika popote mpaka amekufa, na ndiyo maana katika maktaba yao hayamo.

Shida ilikuwa Mwalimu Shomari. Alikuja, kwa sababu ni jirani na jirani haachi kuitika mwito. Lakini wanaume walipoketi kwenye mikeka uwanjani, na sisi wanawake upande wa pili wa uzio wa makuti, masufuria yanafuka, ubani umewashwa, Mwalimu alibaki amekaa na mikono mapajani. Sanduku la juzuu lilikuwa mbele yake, hakulifungua. Akasema, "Nitaomba dua kwa waliohudhuria, na kwa mvua, na kwa wagonjwa; kwa wale wengine mnajua kauli yangu." Watu wakatazamana. Mzee Mbonde, ambaye tangu ule mkutano alikuwa hasemi nami, akakohoa tu. Hapo ndipo Bi Somoe aliponishika mkono. "Twende," akasema. Tukapita uzioni, tukaingia upande wa wanaume, yeye mbele mimi nyuma, akasimama katikati ya mikeka yao na khanga zake mbili na miguu mitupu. Hakuna aliyethubutu kumwambia arudi. Akaanza kusema kwa Kimatumbi, na mimi nikawa natafsiri sentensi kwa sentensi, sijui ninakopelekwa.

"Dawa ile ilikuwa na miiko," akasema. "Haikubebwa na mwanamume anayelala na mkewe, wala na mwanamke aliyevunja ungo. Ilibebwa na mtoto wa kike, peke yake, asiseme na mtu njiani, asikitue kibuyu chini. Kijijini kwetu nilichaguliwa mimi. Nilikuwa na miaka minane, au tisa. Baba alikwenda nami mpaka kwa mganga, akanitwisha, akatangulia kwa njia nyingine. Nilipofika kwenye kijito nikateleza. Kizibo kikatoka. Dawa yote ikaenda na maji, naitazama. Nikalia. Nilimwogopa baba. Basi nikachota maji ya kijito, nikajaza kibuyu, nikaziba, nikajitwisha, nikaenda zangu. Jioni wakanyunyiziwa wote. Baba akanishika kichwa akasema, mwanangu umebeba vizuri. Asubuhi wakaenda vitani. Waliokufa walikufa huko, na saba walirudishwa wamefungwa kamba, wakanyongwa mbele yetu."

Nilitafsiri mpaka hapo. Bi Somoe akaendelea bila kuningoja, kwa Kiswahili sasa, kila mtu amsikie. "Huyu Dokta kanieleza kwamba dawa ile haikumkinga mtu popote, hata iliyobebwa vizuri. Ya kwingine anayajua yeye. Ya kwetu nayajua mie, na nimekaa nayo tangu utoto wangu, sikumwambia mama yangu wala mume wangu. Nawaambieni leo kwa ajili ya jambo moja. Mwalimu Shomari! Ulisema wamekufa na dawa ya mganga. Dawa ilikwenda na kijito. Walichonyunyiziwa ni maji kama uliyotawadhia wewe asubuhi ya leo. Kama kuna mwenye dhambi hapa ni mimi niliyewadanganya, na mimi huyu nimesimama, nihukumuni. Wao wasomee."

Mwalimu Shomari akaweka mkono juu ya sanduku. "Bi Somoe," akasema, "moyoni mwao walitegemea nini, mimi sikuwemo. Hilo alijuaye ni Mungu."

"Basi mwachie Mungu," Bi Somoe akajibu. "Wewe soma."

Akafungua sanduku. Juzuu zikagawiwa kwa kila anayejua kusoma, na zile sauti zikaanza kupanda kila moja na mahali pake. Bi Somoe hakurudi upande wetu wala hakukaa. Alisimama pale pale mpaka kisomo kikaisha. Kisha Mwalimu akamwashiria awataje kwa ajili ya dua. Akawataja, kwa sauti kavu, mmoja mmoja. Salumu Mtupa. Athumani Ngayonga. Mohamedi Mandai. Kibwana Nandonde. Hamisi Mkumba. Hapo akasita, na wote tulijua kwa nini. Walikuwa wamebaki wawili, baba yake Mzee Mbonde na baba yake mwenyewe.

Mzee Mbonde aliinuka. Alikuja juu ya mikeka, watu wakimpisha, bakora mkononi, uso umefunga. Nilijisogeza mbele ya bibi bila kufikiri. Akanisogeza kando kwa mkono, si kwa nguvu. "Baba yangu alikwenda vitani na maji ya kijito," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua. Na kila Iddi umekula kwangu."

"Nilijua."

Akaiweka bakora chini, akakaa mkekani miguuni pake, mwenyekiti mzima wa kijiji, mzee wa mvi. "Mtaje," akasema. "Tangu nizaliwe sijasikia baba yangu akitajwa mbele za watu. Mtaje wewe uliyemwona."

"Nassoro Mbonde," Bi Somoe akasema. "Alikuwa mrefu kuliko wote. Alikuwa anacheka sana."

Kisha ikawa zamu ya wa saba, naye akafungua mdomo na sauti haikutoka. Akajaribu tena. Alikuwa amewabeba wote sita mpaka pale, na baba yake mwenyewe akamshinda. Mzee Mbonde akageuka pale pale alipokaa, akawakabili watu, na kwa ile sauti yake ya mkutanoni akasema, "Na wa saba ni Selemani, baba yake dada yangu huyu, Somoe. Mwalimu, omba dua."